Kiti cha Baiskeli ya Bi Mishi

Vijana wanaojifunza ufundi hapa Msambweni hunijia na maswali. Huniuliza spoki tulikuwa tukizinyooshaje, mpira tulikuwa tukiuzibaje, ringi iliyopinda tulikuwa tukiirudishaje. Huwajibu, tunacheka, wanakwenda zao. Lakini hakuna hata mmoja wenu, vijana wangu, aliyewahi kuniuliza habari za kiti. Mnakiona ni kipande cha ngozi tu cha kukalia. Basi leo nitawaandikia habari za kiti, nanyi mtaniwia radhi kama hamtacheka sana. Katika kazi yangu yote, kitu nilichokijua vizuri kuliko vyote ni kiti, na jambo baya kuliko yote niliyoyafanya duniani nililifanya kwenye kiti.

Nilijifunza kazi kwa Fundi Athumani, mtu wa Vanga, mwembamba, mwenye kikohozi kisichokwisha, ambaye wakati wa vita alikuwa akitengeneza baiskeli za askari. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami ni kijana wa miaka ishirini na kidogo. Tulifanya kazi barazani mwa duka la Mzee Shee, kando ya njia inayokwenda hospitalini. Siku hizo baiskeli ndiyo iliyokuwa gari la kila mtu: karani, mwalimu wa chuo, mchuuzi wa samaki. Watu walitoka hapa wakaenda Gazi, wakaenda Diani, wengine wakafika mpaka Likoni, na njia yote ni mawe na mchanga. Mtu akipanda mwendo huo juu ya baiskeli isiyomkaa, jioni hula chakula chake akiwa amesimama.

"Usiiangalie baiskeli," Athumani aliniambia siku ya kwanza. "Baiskeli haisikii maumivu. Mwangalie mtu."

Sikumsikia. Kwa miezi mizima nilikuwa nikipanga viti vyote kwa kipimo cha mguu wangu mwenyewe, na mimi ni mrefu. Karani mmoja wa afisi ya mudiri wa serikali, mtu mfupi mwenye tumbo, alirudi kwetu siku ya pili akitembea miguu imeachana, jasho linamtoka.

"Wewe kijana," akaniambia, "nilikuletea baiskeli, ukanirudishia ngamia!"

Watu wakacheka. Athumani hakunigombeza. Alichukua baiskeli yangu, akakishusha kiti mpaka chini kabisa, akanituma Gazi kupeleka kifurushi cha mtu. Niliporudi magoti yalikuwa yakiwaka moto, na kwa siku mbili nilishuka ngazi za msikiti kinyumenyume.

"Sasa umekijua kiti cha chini," akasema. "Wiki ijayo nitakufundisha cha juu."

Ndivyo nilivyofundishwa. Na nitawafundisha nanyi, maana mtanichukia nikimaliza kusimulia, basi afadhali elimu muipate kabla.

Mpandishe mtu kwenye baiskeli yake, umshike asianguke. Mwambie aweke kisigino juu ya pedeli iliyoshuka chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Baadaye, akipanda ipasavyo kwa kukanyaga na sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limejikunja kidogo, na hicho ndicho kimo chake. Kisha mwache aende. Athumani alikuwa akimwambia mteja apande mpaka ukuta wa msikiti na kurudi, yeye mwenyewe amechuchumaa barazani, jicho moja amelifumba. Nyonga zikicheza huku na huku kama za bata, kiti kiko juu mno, na mtu anajisugua kila anapoifuata pedeli. Magoti yakichomoza nje kama ya panzi, kiti kiko chini. Mtu akikunjua vidole kila mara na kuvipunga hewani, basi pua ya kiti, yaani ile ncha nyembamba ya mbele, imeinama, na uzito wote wa mwili umeshukia viganjani. Na mtu akijiinua kila baada ya hatua chache kama aliyekalia mwiba, pua imeinuka. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Hubana mahali ambapo mtu mwenye haya hawezi kupataja.

Kumbukeni maneno hayo ya haya. Sasa nifike kwa Bi Mishi.

Bi Mishi alikuwa mjane wa miaka kama thelathini, mzaliwa wa hapa hapa, aliyesomea ukunga hospitalini. Muuguzi mmoja wa Kizungu aliporudi kwao, aliacha baiskeli yake ya kike, ile isiyokuwa na chuma cha juu, na hospitali ikampa Bi Mishi ili awafikie wanawake wa vijijini. Mzungu yule alikuwa mrefu kama mnazi, na Bi Mishi alikuwa mwanamke wa kimo cha kawaida, kwa hiyo akaileta kwetu.

Kumpima mwanamke mguu mbele ya watu hakukuwezekana. Athumani alimpa kipande cha uzi. "Nenda nyumbani, dada yangu, ujipime mwenyewe kutoka nyonga mpaka kisigino, kisha funga fundo." Akauleta uzi kesho yake, na fundi akakipanga kiti kwa kuufuata, asubuhi nzima, akakishusha, akakisogeza mbele, akaukaribisha na usukani. Bi Mishi akavaa suruali ndefu ndani ya gauni, leso moja kiunoni na nyingine kichwani, akapanda. Kilichoonekana katika mwili wake ni uso na viganja tu. Akaenda mpaka Gazi na kurudi, na aliporudi alikuwa akicheka peke yake.

Wanaume wa barazani hawakucheka. Walikuwa kama sita au saba, wakongwe na wasio wakongwe, wanaokunywa kahawa kwa Mzee Shee tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kila Bi Mishi akipita, mazungumzo yalikatika.

Nami nilikuwa na kisa changu. Siku moja alileta baiskeli pedeli ya kushoto imelegea. Nilikuwa na haraka, nataka kujionyesha, nikatia spana nikavuta kwa nguvu zangu zote kama ninavyovuta ya kulia. Haikukaza. Nikavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikanisimama.

Bi Mishi akasema kwa upole, "Fundi Mbwana, ya kushoto si inafungwa kinyume?"

Ni kweli, ya kushoto hufungwa kinyume, ili isijifungue yenyewe mtu anapopiga miguu. Nililijua jambo hilo tangu mwezi wangu wa kwanza. Lakini lilitoka kinywani mwake, si mwangu, na baraza nzima ikaangua kicheko. Mtu mmoja alicheka mpaka akamwaga kahawa yake. Kwa wiki nzima nikaitwa mwanafunzi wa mkunga. Leo, katika uzee huu, naweza kuwaambia kwamba mambo yote yaliyofuata yaliota katika kicheko kile. Wakati ule nilijiambia mengine.

Baada ya hapo mama yake Athumani akashikwa na maradhi, naye akaenda Vanga kumuuguza. Alikaa huko zaidi ya miezi miwili, mimi nikaachiwa kazi. Haikupita wiki, Mzee Shee akaniita ndani ya duka. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, anayetanguliza salamu kwa wakubwa na wadogo.

"Mbwana, mwanangu," akasema, "yule mwanamke anatuaibisha. Kesho binti zetu nao watataka. Lakini hatutaki kugombana na hospitali."

"Sasa mimi nifanye nini, mzee?"

"Hufanyi kitu. Wewe ni fundi. Akikuletea baiskeli, mpangie kiti kimchoshe. Ataiacha mwenyewe, na hapana aliyemkataza."

Hakunitisha. Hakuniambia atanifukuza barazani pake, ingawa angeweza. Alinitazama tu, akangoja. Ningeweza kusema hapana. Nikasema, "Inshallah." Jina la Mungu nikalitia hapo.

Bi Mishi alileta baiskeli kutiwa mafuta. Alipoondoka, nikaifanya kazi. Nilikiinua kiti kwa upana wa kidole kimoja, viwili angevitambua. Nikakisukuma nyuma kidogo. Nikailegeza nati iliyo chini ya pua, ile inayoivuta ngozi, ili ngozi ilegee katikati na kingo zibane. Mwisho nikaiinua pua, kidogo tu, kiasi ambacho jicho lisilozoea haliwezi kukiona. Yote yalinichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua mbili nikaitazama, na msiba wangu ni kwamba nilijisifu. Niliona nimekuwa fundi kweli.

Tulidhani ataiacha kwa siku tatu. Hakuiacha. Alikuja baada ya wiki, ameishika kwa usukani, macho chini.

"Fundi Mbwana, sijui nimekuwaje. Zamani nilikuwa nikifika Gazi sijachoka. Siku hizi…"

"Siku hizi nini, Bi Mishi?"

Nilijua hawezi kusema. Nilimwuliza kwa sababu nilijua hawezi kusema. Juu ya haya yake ndipo nilipoujenga ubaya wangu.

"Naumwa kidogo," akasema.

Nikajifanya kukazakaza nati. "Labda ni mwili, Bi Mishi. Chuma hiki kilitengenezewa Wazungu."

"Huenda," akasema. "Asante, fundi. Samahani kwa kukusumbua."

Akaja tena. Mara hii alikuwa ameikunja leso mara nne akaifunga juu ya kiti. Nikamwambia amefanya vizuri. Nanyi vijana mkimwona mtu ametia kitambaa juu ya kiti, jueni hapo pana fundi aliyekosea. Nguo hujikunja chini ya mtu, ikawa mafundo, ikachubua palipobaki. Nililijua hilo, nikamwambia amefanya vizuri.

Mwezi wa pili nikaanza kumwona akitembea, baiskeli ameikokota ubavuni, mkoba wake umefungwa kwenye keria. Akifika kwenye mteremko hupanda kidogo, akajiinua, akashuka. Siku nyingine aliikokota baiskeli kwenda na kurudi. Wanaume wa barazani walikuwa wakitazamana na kutabasamu ndani ya vikombe. Mzee Shee akaniletea haluwa kwenye sahani kwa mkono wake mwenyewe.

Mwisho wake akaniletea baiskeli akasema, "Fundi, iache hapa. Itazame yote tangu mwanzo. Mimi nimeshindwa."

Nikaiegemeza ukutani. Ikakaa siku tatu bila kuguswa.

Asubuhi ya siku ya nne, jua limekwisha kupanda, akaja mtu kutoka Bodo anakimbia kwa miguu, nguo zimemganda mwilini kwa jasho. Akasimama mbele ya baraza akauliza nyumba ya mkunga. Mke wa ndugu yake, Bakari, alikuwa amejifungua tangu alfajiri, lakini kondo la nyuma halikutoka, na damu inamtoka. Tukamwonyesha nyumba. Muda si muda Bi Mishi akatokea, mkoba begani, anakuja kasi. Akasimama mbele yangu.

"Fundi Mbwana, baiskeli yangu imekuwa tayari? Nakwenda Bodo."

Bodo si mbali kwa baiskeli iliyopangwa sawasawa. Kwa miguu, katika mchanga ule, ni asubuhi nzima. Spana ilikuwa mkononi mwangu. Kazi yenyewe nilikuwa naijua kwa moyo, kwa kuwa niliifanya mimi. Mzee Shee alikuwa ameketi pale pale, kikombe mkononi, ananitazama kwa yale macho yake ya upole, na wenzake wote wameweka vikombe chini.

Nikasema, "Bado, Bi Mishi. Nati zimekwama."

Akaitazama baiskeli. Nadhani alitaka kuipanda hivyo hivyo. Akanyoosha mkono, kisha akaurudisha, akageuka, akaenda kwa miguu, anakimbia kidogo na kutembea kidogo, na yule mtu wa Bodo nyuma yake akihema.

Mtaniuliza nilikuwa nikifikiri nini. Nilifikiri kwamba wanawake huzaa kila siku. Nilifikiri kwamba saa moja zaidi au mbili si kitu. Nilifikiri jinsi watakavyonitazama nikichuchumaa kumtengenezea mbele yao. Hayo ndiyo yote. Nimeyapekua mawazo yangu ya siku ile miaka mingi nikitafuta jambo lenye uzito zaidi, sikulipata.

Alipofika Bodo, mwanamke yule alikuwa amekwisha kukata roho, mwili ungali na joto. Aliitwa Mwanajuma. Mimi sikupata kumwona hata mara moja. Mtoto, wa kike, alikuwa hai.

Watu walisema ni kazi ya Mungu, wakazika. Bi Mishi hakusema hivyo. Aliwaambia wanawake waliokuwapo kwamba dawa ilikuwa mkobani mwake, na kama angefika mapema huenda ingesaidia, lakini mwili wake umemsaliti, hauwezi tena kukaa juu ya baiskeli. Maneno hayo yakafika barazani kabla ya adhuhuri ya siku ya pili. Mzee Shee akasema, "Mungu amrehemu marehemu," akaagiza kahawa nyingine.

Fundi Athumani alirudi siku ya tano baada ya maziko. Tulisalimiana, akanieleza kuwa mama yake amepona, kisha macho yake yakaenda ukutani.

"Ile si ya Bi Mishi? Ina nini?"

"Anasema inamuumiza."

Akaikaribia. Hakuigusa kwanza. Akainama akaitazama kwa ubavu, jicho moja limefumbwa. Akaweka kiganja juu ya ngozi, akabonyeza. Akapitisha kidole juu ya pua. Akapima urefu kwa shibiri, kisha akapima tena. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Ni nani aliyeishika baiskeli hii?"

"Mimi. Nilikosea, fundi."

"Hapana," akasema. "Kosa nalijua. Fundi hukosea kimo, au hukosea pua, au huisahau ngozi. Hapa kimo kimeguswa, na pua, na ngozi, na kiti kimerudishwa nyuma, na yote manne yanabana mahali pamoja pa mwili. Hili si kosa, Mbwana. Hii ni kazi, na imefanywa vizuri."

Nikalia. Nikamweleza yote, mpaka zile nati ambazo hazikukwama. Alinisikiliza akikohoa. Nilipomaliza alianza kuzikusanya spana zake moja moja kutoka kwenye gunia, akazipangusa, akazitia sandukuni.

"Utakwenda kumwambia," akasema.

"Atanishitaki."

"Atakushitaki."

Nilikwenda baada ya swala ya alasiri. Bi Mishi alikuwa uani, anaanua mihogo aliyoianika juu ya jamvi. Nikapiga hodi, akanikaribisha, akataka kunitolea kiti. Nikamwambia sitaki kiti.

"Bi Mishi, maumivu yale si ya mwili wako. Mimi ndiye niliyekipanga kiti kikuumize."

Akabaki ameshika kipande cha muhogo.

"Ulitumwa?"

"Nilitumwa. Lakini mkono ulikuwa wangu."

"Na siku ile ya Bodo? Ulisema nati zimekwama."

"Hazikukwama."

"Ingekuchukua muda gani?"

Nilitaka kusema uongo hapo, hata hapo. "Usingemaliza kumsalimu yule mtu wa Bodo, nami nimekwisha," nikasema.

Akaketi juu ya jamvi, katikati ya mihogo. Kisha akasema, bila kunitazama, "Nilikuwa nikijiosha kwa maji ya chumvi. Nilidhani nimeshikwa na ugonjwa wa kike, nikaona haya hata kumwambia daktari. Nimemwomba Mungu aniponye, kumbe ninakuomba wewe."

"Nisamehe, Bi Mishi."

"Maumivu yangu nimekusamehe. Yachukue uende nayo. Lakini Mwanajuma si wangu mimi, hata nikusamehe. Wenyewe wako Bodo. Nenda ukawaombe."

Hakunishitaki. Athumani aliirudisha baiskeli ya Bi Mishi katika hali ile ya kwanza, kwa uzi ule ule wenye fundo, kisha akaihama baraza ya Mzee Shee, akajenga kibanda chake karibu na soko. Mimi nilimfuata, akaniruhusu, ila kwa mwaka mzima hakuniacha niguse kiti cha mtu yeyote. Niliziba mipira na kunyoosha spoki. Bi Mishi alipanda baiskeli yake miaka mingi, mpaka nywele zikawa nyeupe chini ya leso. Tukikutana njiani aliijibu salamu yangu kama inavyopasa kujibiwa, na hakuongeza neno.

Mzee Shee nilimwendea naye. Nilidhani tutaubeba mzigo huu wawili. Akanisikiliza kwa ule upole wake, akasema, "Mimi nilikwambia umchoshe, mwanangu. Sikukwambia umwue mtu." Kisha akaniuliza kama nitakunywa kahawa.

Bodo sikwenda. Mara mbili nilifika njia panda, nikarudi.

Miaka mitatu hivi ikapita. Siku moja asubuhi, Athumani amekwenda sokoni, akaja mtu wa makamo kibandani, anakokota baiskeli ya kiume iliyochakaa, amemkalisha mtoto wa kike juu ya keria na kumshika kwa mkono mmoja.

"Shikamoo, fundi," mtoto akasema, kama alivyofundishwa.

"Marahaba."

"Mimi ni Bakari wa Bodo," akasema yule mtu. "Nimeambiwa hapa ndipo wanapojua kumkalisha mtu vizuri."

Nikamkaribisha. Nikachuchumaa kando ya gurudumu ili asiuone uso wangu. Akanieleza habari za mke wake, kwa urefu, kama watu wanavyowaeleza wageni, akidhani siijui. Akaniambia kwamba mkunga alikuja kwa miguu, maskini, alikuwa mgonjwa, na alipofika alilia kuliko ndugu.

"Basi nimejinyima mpaka nikainunua hii," akasema. "Siku mwanamke wa kijijini akitaka mkunga, nitakuja kumchukua mkunga mimi mwenyewe, nimpeleke hapo kwenye keria. Watu waseme watakavyo."

Nilifungua kinywa nimwambie kweli. Nikamwambia, "Panda tukuone."

Nilimpangia kiti asubuhi nzima. Nilimtuma mara tano mpaka ukuta wa msikiti na kurudi. Nilikishusha, nikakisogeza, nikaivuta ngozi mpaka ikalia kama ngoma, nikaulaza usukani, nikamwuliza kila mahali panapoweza kumuuma mtu, bila kuona haya, mpaka yeye akaona haya. Kisha akaniambia angependa na mahali pa kumkalisha mtoto hapo mbele yake, kwenye chuma. Nikatafuta ubao mwepesi, nikauchonga, nikauzungushia ngozi laini, nikatia na vijiti viwili vya kukanyagia. Ili nivifunge ilinibidi nimpime mtoto miguu, kutoka nyonga mpaka kisigino. Alicheka, maana uzi ulimtekenya. Nilimwuliza jina, akaniambia anaitwa Mwanajuma.

Mara ya pili nikafungua kinywa, na Bakari alikuwa ananitazama, anangoja niseme. Nikamwambia ahakikishe magurudumu hayakosi upepo.

Akampakia mtoto, akamzungusha mbele ya kibanda mara mbili.

"Baba," mtoto akasema, "hakiumi."

Bakari akasimamisha baiskeli, akanipa mkono wake wa kulia, akaushika wangu kwa muda mrefu. "Fundi," akasema, "Mwenyezi Mungu akulipe kwa kazi yako."

Nikaitikia, "Amina."